Betri Zinazolala Usiku wa Mbalamwezi

Kadutu, Bukavu

Dada yangu Mwanakombo,

Assalaam aleikum. Kwanza niambie mguu wako unaendeleaje, na usiniambie "sijambo" kwa sababu hiyo sijambo yako naijua, hata siku ile ulipoteleza kisimani ukabebwa na watu ulisema hujambo. Mama je, macho yake? Dawa ya matone niliyompa dereva wa lori ilifika, au imeishia njiani? Na mvua za Kilindoni zimekatika, au bado mnakinga maji kwenye mapipa? Mimi mwili ni mzima. Nakula, nalala. Lakini hasira, dada, hasira nimekuwa nazo tangu mwezi uliopita, na leo nimekaa nizitoe kwako kwa kuwa huku nikizitoa wananicheka. Wanasema Mtanzania akikasirika anaongea kama anasoma taarifa ya habari.

Nimepanga chumba mlimani Kadutu, mahali ambapo mvua ikinyesha ngazi zinakuwa mto na watu wanapanda kwa mikono na miguu. Lile sweta uliloniwekea kwenye begi kwa nguvu nikalalamika, sasa silivui hata kulala. Umeshinda, furahi. Chakula ni fufu, ugali wao wa muhogo, na sombe, yaani kisamvu, na vidagaa vya ziwani wanavyoviita sambaza, ambavyo ni vitamu kushinda dagaa wetu, ila hilo Mama asilisikie. Kiswahili chao kilinitoa jasho wiki za kwanza. Kila kitu ni "iko". Nimekwisha kuzoea, na juzi nilijisikia mwenyewe nikimwambia muuza mkate "haiko mubaya", nikaona haya.

Unavikumbuka vile vinu? Wewe ndiye uliyeviita vinu, zile skuta za majini za pale kwenye duka la wazamiaji, ukaniuliza mtu mzima anajisikiaje kuvutwa na kinu chenye feni. Sasa duka lile lilipofungwa, aliyenunua skuta mbili ndiye huyu tajiri wangu wa huku, Papa Désiré, mtu mnene, mpole, kazi yake kuopoa injini za mitumbwi na mizigo iliyozama ziwani. Alininunua na mimi humo humo, naweza kusema: nije, nizitengeneze skuta, nimfundishe mzamiaji wake kuziendesha, kisha nirudi kwetu kabla ya Ramadhani. Skuta zilikuja kwa ndege. Betri zake hazikuja, ndege haizitaki betri za aina ile. Vinu vikafika Bukavu matumbo matupu, na hapo ndipo balaa langu lilipoanzia.

Papa Désiré alisema nisiwe na wasiwasi, Bukavu betri zimejaa. Ni kweli zimejaa. Umeme wa mji unakuja na kuondoka upendavyo, kwa hiyo kila nyumba ina betri yake ya kuwashia taa, kila pembe ya mtaa kuna mtu anachaji simu za watu kwa betri, na kila mtu, hata muuza viazi, ni fundi wa betri. Wote walinishauri. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuingiza betri ndani ya maji.

Ukiniuliza mimi, betri ya skuta kuichagua ni kama kumchagua mtu wa kulala naye ndani ya sanduku moja. Haitakiwi kumwagika ukiipindua. Haitakiwi kutoa gesi, kwa sababu tumbo la skuta limefungwa kabisa na gesi ikijaa humo cheche moja inatosha. Inatakiwa kutoa nguvu nyingi kwa mkupuo na kuendelea kuitoa, siyo kama taa inayonyonya kidogo kidogo usiku kucha. Halafu uzito wake, hapo ndipo wengi wanapopotea: skuta ikiwa nzito inakuvuta chini, ikiwa nyepesi inakimbilia juu. Haya yote nilimweleza Papa Désiré siku ya kwanza, nikamwambia anitafutie betri za lithium, Kigali zipo, avushe mpakani. Akaniitikia vizuri kabisa. Keshoye akaja na betri za pikipiki.

Betri za pikipiki, dada, zenye vifuniko juu na tindikali inayocheza ndani. Nikaipindua moja mbele yake juu ya kipande cha saruji, tindikali ikatoka ikatoa povu. Akaangalia lile povu, akaniambia kwa upole: "Shaibu, weye unapenda haraka. Batri iko batri."

Wiki iliyofuata alileta betri ya sola, kubwa, mpya, imeandikwa herufi za kujisifu ubavuni. Niliinyanyua kwa mkono mmoja. Betri ya madini ya risasi ya ukubwa ule haiinuliwi kwa mkono mmoja na mtu mwembamba kama mimi. Tukaipasua. Ndani kulikuwa na kibetri kidogo kilichoegemezwa na kipande cha saruji kavu, kimefungwa vizuri kama zawadi. Papa Désiré hakukasirika hata kidogo. Alisema aliyemuuzia ni shemeji yake, kwa hiyo hawezi kuirudisha. Mimi nilikasirika kwa niaba yake na kwa niaba yangu, siku nzima.

Sasa nikufikishe kwenye jambo lenyewe, kwa sababu mpaka hapo ilikuwa hasira ya kazi tu.

Kuna mama mmoja anaitwa Maman Nsimire. Mumewe, Papa Murhula, alikuwa akiendesha mtumbwi wa injini, analeta mananasi mjini kutoka kisiwa cha Idjwi. Siku moja upepo ulivuruga ziwa, mtumbwi ukapinduka karibu kabisa na mji, chini ya majabali ambayo ukisimama gatini kwetu unayaona. Abiria waliogelea, wakafika. Yeye hakufika. Wavuvi walikokota nyavu wasipate kitu, na mwili haukuelea. Mwili usipoelea, wanasema, umenaswa mahali huko chini.

Ukoo wao una desturi. Mtu akipotea majini na mwili usionekane, wanakata shina la mgomba, wanalivisha sanda, wanalilia na kulizika badala yake, ili kilio kiishe na waliokuja warudi makwao. Si jambo baya, na mimi silibezi. Lakini mgomba ukishafunikwa udongo, mtu yule amezikwa, basi. Mwili ukitokea baada ya hapo kaburi halifunguliwi, na maiti haipandishwi nyumbani. Inazikwa ufukweni palepale, kama ya mpita njia asiye na watu. Kaka mkubwa wa marehemu, Muzee Cirhuza, alikuwa amekwisha kutangaza kwamba Jumamosi wanazika mgomba. Watu walikuwa wamechoka kulala nje kwenye kilio, na chakula cha wafiwa hakina mwisho. Namwelewa.

Maman Nsimire hakukubali. Alimjia Papa Désiré akaomba wazamiaji, Papa Désiré akamkubalia, naye kuanzia siku hiyo akawa anakuja gatini kila asubuhi, anageuza dumu lake la njano la maji, anakaa juu yake, anatutazama. Hakuuliza kitu. Hakulia. Nilitamani angetukana, ningejua la kujibu. Mimi nafungua skuta, nafunga skuta, matumbo matupu, na mke wa mtu ananitazama mikono.

Mteremko wa pale chini ni mrefu na una vishimo na kingo nyingi. Kuukagua kwa kupiga miguu tu kungechukua mpaka watoto wake waoe, na mji huu uko juu milimani kiasi kwamba mzamiaji anatakiwa kukaa chini muda mfupi kuliko kwetu. Kwa skuta unapita upande mmoja mpaka mwingine, unarudi ukingo wa chini yake, hivyo hivyo. Yote yalisimama kwenye betri. Nikamwambia Papa Désiré mbele ya yule mama, na najua nilikosa adabu, kwamba akiniletea tena saruji nitamfunga nayo apige mbizi yeye mwenyewe.

Akaleta betri za kompyuta. Ni zile zinazokaa ndani ya kisanduku cha kushika umeme ofisini, zimezibwa, hazimwagiki, na kwa umbo ni hizo hasa skuta za zamani zilizitumia. Nikafurahi kijinga. Nilijua ni za mkono wa pili, lakini nilizipima kwa mita zikasoma vizuri, na mtu mwenye njaa haulizi wali umepikwa lini. Tukashuka mimi na Patient, mzamiaji wa Papa Désiré, kijana wa Kamituga ambaye amejifunza kuzama kwenye mito ya dhahabu akipumua kwa mpira, na ambaye haogopi kitu chochote, kosa kubwa katika kazi hii.

Kilichotokea kwanza ni aibu yangu mwenyewe, na ukitaka kucheka cheka. Skuta iliingia majini ikazama kama jiwe, pua chini, ikanivuta nayo. Kule kwetu nilizipima zikae katikati ya maji bila kupanda wala kushuka, nikaziwekea vipande vya risasi kwa hesabu ya bahari. Ziwa hili halina chumvi. Maji yasiyo na chumvi hayabebi kama yetu. Miaka yote niliyokaa majini sikuwahi kufikiri kwamba kuna maji yasiyobeba, mimi mtoto wa Mafia, na wewe pia usingefikiri. Patient alicheka mpaka maji yakamwingia kwenye miwani. Tukatoka, nikang'oa risasi zote kwa matusi, nikazitupa pembeni, tukarudi.

Safari hii skuta ilitulia. Tukafika majabalini, tukaanza ukingo wa kwanza, na hata hatujaumaliza sauti ya feni ikaanza kushuka kama mtu anayesinzia kwenye hotuba. Ikafa. Ya Patient nayo ikafa. Betri iliyochoka inakudanganya namna hiyo: ukiigusa kwa mita inasoma imejaa, ukiidai nguvu inakuaga. Tukarudi gatini tunavikokota vinu kwa miguu, mapaja yanawaka. Nilipotoa kichwa majini kitu cha kwanza nilichokiona ni lile dumu la njano na miguu yake juu ya mawe. Sikuweza kumtazama usoni.

Hiyo ilikuwa Jumatano. Papa Désiré akasema betri za Kigali ziko njiani. Kila kitu cha mji huu kiko njiani, dada. Nikamwachia skuta palepale nikaondoka nikitembea kandokando ya ziwa, bila kujua ninakokwenda.

Nikafika wanapofunga mitumbwi wavuvi wa sambaza. Mitumbwi yao ni mitatu iliyoungwa pamoja kwa miti mirefu, na hutoka jioni kwa nyimbo, taa zinaning'inia mbele kuwaita samaki. Kila siku nawaona wakipita chini ya mlima wetu. Siku hiyo wamekaa wanashona nyavu, jua linazama, hakuna anayejiandaa. Nikauliza kwa nini hawatoki. Mkubwa wao, Papa Zihindula, mzee mwenye sauti ya kukwaruza, akanionyesha mwezi uliokuwa ukichomoza mviringo. Mwezi ukiwa mkubwa, akasema, ziwa lote lina mwanga na sambaza hawaifuati taa ya mtu, kwa hiyo wavuvi wanapumzika mpaka giza lirudi.

Nikauliza, na taa zenu? Akanyoosha kidole kwenye kibanda. Chini ya turubai zilikuwepo betri zao, zimepangwa safi, zimefutwa. Nikainua moja. Nyepesi, lakini wepesi wa haki. Nikasoma ubavuni: lithium, mpya, waliletewa na ushirika wao mwaka huu kwa ajili ya taa, na wanazijaza kwa sola juu ya paa la kibanda. Dada, nilikaa chini. Mwezi mzima natukana mji huu kwa kukosa betri, na betri nzuri kuliko zote zilikuwa zinapita chini ya dirisha langu kila jioni mitumbwini mwa watu, ila mimi naziita taa.

Nikaomba mbili. Wakauliza za nini. Sikujua kudanganya, nikasema. Mmoja wao, mwanamume wa makamo mwenye kofia ya sufu, akanijibu bila ubaya wowote: "Papa, batri yenye ilitafuta maiti haitaita tena samaki. Tukikupatia, iko yako. Na siye tutakula nini?" Wenzake wakaitikia. Nilibishana, nikaeleza, nikapandisha sauti, nikafanya kila kosa analoweza kufanya mgeni. Waliendelea kushona nyavu.

Alhamisi asubuhi nilimweleza Papa Désiré, kwa hasira, nikidhani tuko wawili. Maman Nsimire alisikia kutoka kwenye dumu lake. Akasimama, akajifunga kitenge upya, akaenda. Tukamfuata kwa mbali. Alifika kwa wavuvi, akapiga magoti mbele ya Papa Zihindula, na ndiyo mara ya kwanza niliisikia sauti yake vizuri.

"Papa, najua ile mambo ya samaki. Murhula naye alikuwa anaijua. Lakini bataenda kuzika muti, na bwana yangu iko pale chini peke yake. Miye siombe batri. Naomba bwana yangu."

Papa Zihindula aliweka wavu wake chini. Halafu akaingia kibandani, akatoka na betri mbili za mtumbwi wake mwenyewe, akazilaza mbele yake. Yule mwenye kofia akaondoka bila kuaga.

Nikarudi mbio. Lithium mbili unaziunganisha mkia kwa kichwa, lakini lazima kwanza zijazwe sawasawa, la sivyo moja inamfanyia kazi mwenzake na zote zinaharibika, kwa hiyo Alhamisi yote ilikwenda kwenye kujaza, jua lenyewe likijificha mawinguni kwa makusudi. Betri zilitosha kwa skuta moja tu. Ziliingia tumboni zikacheza, nikazikaza kwa kipande cha godoro langu, ndiyo maana siku hizi naamka na mgongo unauma. Ijumaa asubuhi tukaingiza skuta majini, na sasa ikafanya nini? Ikaelea. Ikalala juu ya maji kama bata. Betri nyepesi, tumbo jepesi. Zile risasi nilizozing'oa kwa matusi nikaziokota moja moja, nikazirudisha kwa adabu, na hazikutosha.

Nilikuwa nakaribia kulia, nakuambia ukweli. Patient ndiye aliyeingia stoo, akatoka amekumbatia betri moja mbovu ya kompyuta. "Hii iko nzito," akasema, "haikatae kazi yote." Tukaizungushia plastiki vichwa vyake, tukaisukumia tumboni pamoja na zile nzima. Skuta ikatulia katikati ya maji, haipandi, haishuki. Betri ya Papa Désiré ilifanya kazi mwishowe: kazi ya jiwe. Yeye alitabasamu kama aliyekuwa amepanga hivyo tangu mwanzo.

Ijumaa tulimaliza kingo tatu, mimi nimeshika skuta, Patient ameshika mkanda wangu, na feni haikubadilisha sauti hata mara moja. Hatukuona kitu. Jumamosi tukashuka mapema. Tulimkuta kwenye ukingo wa nne, chini ya turubai la mananasi yake, kamba imemzunguka miguu. Sitakueleza zaidi. Nilimsomea ninachokijua kichwani, ingawa si wa dini yetu, na Patient akapiga ishara yake ya msalaba ndani ya maji. Tukampandisha polepole.

Maman Nsimire hakwenda kwenye maziko ya mgomba. Alikuwa pale kwenye dumu. Alishuka majini na kitenge chake mpaka kiunoni, akampokea.

Papa Désiré alimpigia Muzee Cirhuza. Simu imezimwa, wako kwenye sala. Akapiga tena na tena. Tukamlaza marehemu kwenye gari la mizigo, tukapanda milima kwenda kwao Kabare kwa barabara ya matope, mimi bado na nguo yangu ya kuzamia, natetemeka, nahesabu kichwani kila saa iliyoliwa na saruji na tindikali na betri za kompyuta. Tulipofika kaburi lilikuwa limefunikwa. Walikuwa wanalainisha udongo juu kwa mgongo wa jembe.

Wazee waliona kilichomo garini wakatazama chini, kwa sababu jibu lilijulikana: arudishwe ufukweni. Maman Nsimire alishuka, akapita katikati yao, akashika jembe. Kwao mwanamke hashiki jembe kaburini. Muzee Cirhuza akalishika upande wa pili. Wakasimama hivyo, wote wawili wameshika mpini mmoja. Nilidhani atamsukuma. "Lete," akasema yule mzee. "Hii si kazi yako. Iko yangu, ni miye niliharakisha." Akamwondolea jembe mikononi, akaanza kufukua yeye mwenyewe, na umri wake ni wa baba yetu angekuwa hai. Baadaye vijana wakamsaidia. Walipofika kwenye mgomba na sanda yake walibishana kidogo wautoe au la. Muzee akasema uachwe, ndugu yake atapata godoro. Wakamlaza juu yake.

Ungedhani hasira zangu zingeishia hapo. Sikiliza. Wiki iliyofuata mwezi ulipungua, wavuvi wakaanza kutoka. Nilizisafisha zile betri mbili mpaka zikang'aa, nikazirudisha. Watu wa Papa Zihindula wakakataa kupanda mtumbwi ambao betri hizo zimo. Mzee mwenyewe alijua itakuwa hivyo tangu Alhamisi ile, hakulalamika, alikuwa anaangalia tu wenzake wakienda. Na siku hiyo hiyo, nakuapia, ndiyo siku betri za Kigali zilipofika. Mbili, mpya, ndani ya boksi lao, zile nilizoziomba siku ya kwanza. Nilizishika kama mtu aliyeshika mtoto. Papa Désiré akaniangalia, akasema: "Sema weye, Shaibu. Ni weye unajua kuchagua batri."

Alijua nitakachosema, mjanja yule. Nikambebea Papa Zihindula zile mpya mimi mwenyewe.

Nikabaki na za zamani, nikajipa moyo kwamba sasa angalau ni zangu, skuta moja itafanya kazi, nitamaliza niondoke. Jioni Maman Nsimire akaja kunishukuru, amebeba ndizi. Akaziona mezani. Akauliza kama ni zenyewe. Akaweka mkono juu yake. Akasema watu wanaziogopa kwa sababu zilimtafuta maiti, lakini yeye zilimletea bwana yake, ataziogopa vipi? Anataka kuweka meza ya kuchaji simu chini ya ngazi zetu, watoto wasome. Ningefanya nini, dada? Niambie wewe ungefanya nini. Nilimbebea mpaka nyumbani kwake, nikamfungia nyaya.

Kwa hiyo nilivyo sasa, vinu vyako viko matumbo matupu kama siku ya kwanza. Leo asubuhi Papa Désiré amekuja anatabasamu, ameleta betri za pikipiki. Ramadhani nitafungia hapa hapa Bukavu, kwenye baridi, kwa futari ya sambaza. Mwambie Mama asikasirike, na kama atakasirika mwambie ni betri, atakuelewa nusu.

Nisalimie Mama, umshike mikono yote miwili unapomsalimia. Nisalimie mjomba wetu msuka kamba, na shangazi anayekopa kinu chetu harudishi, na wifi zako wote, na mtoto wako wa mwisho aliyeniomba nimletee mlima. Mwambie ni mzito, ndege haiutaki. Barua hii nampa mwanamke mmoja mfanyabiashara wa Uvira, watu wao asili yao pwani, anapitia Kigoma na ameahidi kuitia mkononi mwa mtu wa Dar.

Ukinipigia, piga jioni. Mchana simu yangu inakuwa mezani kwa Maman Nsimire inachajiwa, na foleni ni ndefu. Jana mtu wa mbele yangu alikuwa yule mvuvi mwenye kofia ya sufu.

Ni mimi mdogo wako, mwenye hasira na mgongo unaouma,
Shaibu